Siku Nilipomrusha Mama Mkwe kwa Giaboksi

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza kusimulia sitaki kukatishwa, na aibu yenyewe mpaka leo inaniwasha masikio: mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nilimrusha mama mkwe mbele ya stendi nzima ya Mwandiga, tena si kwa ulevi wala mwendo kasi, ni kwa kiherehere changu cha kuchokonoa giaboksi ambayo ilikuwa inakwenda.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, malori ya mahindi yanapita kutwa kuelekea makambini, na kila mwenye chochote chenye magurudumu alikuwa bwana. Mimi nilikuwa na pikapu kuukuu ya otomatiki, niliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na Ujiji nzima walikuwa wakiniuliza pedali ya tatu nimeiuza wapi. Tatizo lake lilikuwa moja tu, uvivu. Ukikanyaga mafuta inavuma, inavuma, inafikiria, halafu ndiyo gia inaingia, laini, kama mtu anayekuomba radhi. Watoto walikuwa wanaipita wakikimbia (nasema kweli, walinipita mara mbili, na mmoja alikuwa amebeba ndoo).

Sasa, nilikuwa namchumbia Yustina, binti wa Mwandiga, na mama yake alikuwa hanitaki. Si kwa ubaya, alisema wazi tu: "Mwanangu haendi kuolewa na mtu wa magari yanayokufa njiani." Miaka miwili nimebembeleza, nimetuma wazee, mwishowe akakubali jambo moja, kwamba atakuja Ujiji aione nyumba atakayoishi binti yake, halafu ndipo atasema ndiyo au hapana. Na mimi ndiye nimfuate kwa gari. Nikajiambia, haiwezekani mama wa watu apandishwe kilima na gari linaloomba radhi.

Nikamwendea fundi Nestori. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, huko kwao alikuwa akitengeneza otomatiki za wakubwa, na Kigoma yote hakuna aliyezijua kama yeye. Tukashusha giaboksi, akanionyesha ndani kuna bamba lenye vijitundu, oili inapita humo kwenda kubana klachi. Tundu likipanuliwa kidogo oili inafika haraka na gia inaingia kwa nguvu, na ukiweka springi ngumu zaidi ndiyo kabisa. Akapanua matundu mawili, kidogo sana, akaweka chini drili. "Inatosha. Buhoro buhoro, mwana wanje," akasema, "ukikaza sana itakupiga teke."

Akaenda kula. Na mimi, kwa akili zangu zile, nikaona kama kidogo ni kizuri basi kingi ni kizuri zaidi, nikachukua drili nikayapanua yote, hata lile moja ambalo yeye hakuligusa, halafu nikaongeza springi niliyoitoa kwenye injini chakavu ya boti. Aliporudi akakuta nimeshafunga. Nikamwambia, akashika kichwa, akataka tufungue, nikakataa, mbona wageni ni kesho! Jioni nikaijaribu pale Ujiji kwenye tambarare, gari tupu, mguu mwepesi. Tak! Tak! Tamu, ndugu zangu. Nikalala nikitabasamu.

Asubuhi nikafika Mwandiga na baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Mama Yustina yuko tayari, kitenge kipya, kilemba, na debe la mawese la zawadi limefunikwa majani ya mgomba. Shikamoo, marahaba, vizuri. Shida ikaja kwenye kukaa. Mbele kuna nafasi ya mtu mmoja pembeni ya dereva, na baba mdogo akashtuka nilipoionyesha. "Mkwe akae bega kwa bega na mkwewe? Wewe umechanganyikiwa?" Kweli, heshima ni heshima. Basi tukaazima kiti cha mikono, tukakipandisha nyuma, tukamkalisha mama juu yake, debe pembeni. Yule mwenye kiti akauliza, hamkifungi kamba? Nikamjibu kwa dharau, mama mkwe anafungwa kamba, ni mbuzi huyo?

Nikaondoka. Gari lina mzigo, mbele kuna kilima kidogo, stendi nzima inatazama, nikakanyaga mafuta kiume. Gia ya pili ikaingia. Si tak, ndugu zangu, ni BAH! Pikapu ikaruka mbele, kiti kikabaki nyuma, kikaenda na mama wa watu mpaka kwenye mlango wa bodi, debe likapinduka. Nikasikia "Mana yanje!" mama anamwita Mungu wake kwa Kiha, nikachanganyikiwa, nikakanyaga breki, na sasa chini kote ni mawese, kiti kikateleza kurudi mbele, mama kakishikilia kwa mikono miwili, mpaka uso wake ukatokea kwenye kioo nyuma ya kisogo changu.

Niliruka chini nikakuta ameanguka kwenye mafuta, mwekundu kuanzia kilemba. Anajaribu kusimama, anateleza, anakaa. Na mimi nimesimama mikono nyuma kama mwanafunzi mkosaji.

"Mshike basi!" watu wakapiga kelele.

"Siwezi, ni mama mkwe!"

"Basi mwache aogelee!"

Kicheko kilichotoka pale, mpaka wachoma mahindi waliacha mahindi yakaungua. Wanawake wawili wakapanda, wakamshusha, wakamfuta kwa majani. Hajaumia, namshukuru Mungu, hata mkwaruzo. Lakini anaiangalia pikapu tu, na mimi nikaiona miaka yangu miwili inaondoka.

Ndipo mtu mmoja akadakia: "Si kazi ya yule fundi Mrundi hiyo? Hawa wakimbizi watatuua!" Wengine wakaitikia, siku zile kila kikiharibika kitu lawama ni yao, na baba mdogo akanibana mkono akaninong'oneza, "Itikia hivyo hivyo, tupone." Mdomo ulishafunguka, siwafichi. Mama akanigeukia.

"Nani alitengeneza hiki kitu?"

"Nestori alitengeneza vizuri, mama," nikasema. "Alinikataza. Aliyeharibu ni mimi, alipokwenda kula."

Baba mdogo akafumba macho. Mama akajipangusa uso na ncha ya kitenge, polepole.

"Nilikuwa nakwenda kuangalia nyumba," akasema. "Nyumba nitaiona siku nyingine, na nitakuja kwa miguu. Mtu nimeshamwona." Akamgeukia baba mdogo: "Mzee, nendeni mkajiandae."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, nikacheka na machozi yakanitoka.

Nestori alichonga bamba jingine kwa wiki nzima bila kunilaumu, na kwenye harusi alikaa meza ya wazee. Mimi tangu siku hiyo fundi akisema inatosha, nashika mikono yangu yote miwili namfuata tukale.