Kumpisha Mtu Njia Ghorofani

Sisi wa Mji Mkongwe tuna adabu moja ambayo nusura initoe roho. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na ukikutana na mwanamke unainamisha macho, unasogea pembeni, apite. Hungoji kufikiri. Mguu wenyewe unajua.

Nilikuwa napiga lipu ya chokaa upande wa nyuma wa nyumba moja kongwe, unaotazama ua. Jukwaa letu lilikuwa la miti ya mivinje iliyofungwa kwa kamba, na mbao za kukanyagia juu yake. Nyumba ilikuwa na watu, kwa hiyo kila asubuhi, kabla hatujapanda, tulipiga hodi: "Hodi wenyewe! Mafundi wanapanda!" Kisha tunangoja. Bi mkubwa mwenye nyumba, aliyekaa ghorofa ya kwanza, akishajibu "Pandeni," tunajua madirisha yamefungwa na wanawake wamejistiri.

Mwenye kazi alituletea mikanda ya usalama, ile yenye kamba na ndoano ya chuma. Fundi mkuu aliitundika stoo, akaitazama, akasema hapo imependeza, isiguswe. Mimi niliuchukua wangu. Nilipopanda nao mara ya kwanza na kuitia ndoano kwenye mti, jukwaa zima lilipiga kelele.

"Mbuzi wa Idi kafika!"

"Mleteeni majani, jamani, asije akakonda!"

Nikawalilia mee, nikaendelea na kazi. Mbuzi aliyefungwa angalau hapotei.

Hawakujua nilifungwa na nani. Wazazi wetu walipofariki, ndugu walikaa kikao wakatugawa kama fungu la samaki: mdogo wangu wa kike aende kwa shangazi Mkokotoni, wale wawili wa kiume kwa ami Mwanakwerekwe. Mimi mkubwa wao nikaacha skuli, nikashika mwiko, nikasema hagawiwi mtu. Ami alikubali kwa sharti moja. "Siku utakayoanguka huko juu," alisema, "hata ukiinuka mzima, nnakuja kuwachukua." Na ami yangu si mtu wa kusema jambo kisha akalisahau.

Basi siku hiyo tulipiga hodi kama kawaida, Bi mkubwa akatujibu, tukapanda. Saa nne mjukuu wake akaingia kwa mlango wa mbele, ametoka Pemba na boti ya asubuhi. Hana habari ya mafundi. Akapanda ghorofa ya pili, akaoga, akafungua dirisha apate upepo.

Dirisha lenyewe ndilo nililosimama mbele yake. Likafunguka puu, na hapo pana msichana, nywele zinachuruzika maji, kanga begani. Alipiga yowe. Mimi nikafanya alivyonifunza marehemu mama: nikainamisha macho, nikasema "Samahani, dada," nikasogea pembeni nimpishe.

Pembeni hapakuwa na kitu.

Mkanda ulinikamata kwenye mbavu kwa mvuto wa ghafla ulionikata pumzi. Nilipofumbua macho nilikuwa nazunguka taratibu mbele ya dirisha la ghorofa ya kwanza. Bi mkubwa alikuwa amelifungua kwa kusikia yowe, ungo wa mchele bado mkononi. Tukatazamana. Sikuona neno jingine la kusema.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Nnaning'inia, Bi."

"Na hodi?"

"Tulipiga asubuhi."

"Hiyo ilikuwa ya kupanda. Ya kushuka je?"

Wenzangu wakanivuta kwa kamba huku wanacheka mpaka nikaogopa wataniachia. Fundi mkuu peke yake hakucheka. Alikuwa ameukumbatia mti wa jukwaa kwa mikono miwili.

Habari za Mji Mkongwe haziendi kwa miguu. Nilipofika nyumbani alasiri, mbavu zinaniuma, ami alikuwa keshakaa sebuleni na mikoba mitupu mitatu, mmoja kwa kila mdogo wangu. Alikuwa ameambiwa nimevunjika shingo, na kuniona mzima kukamwongezea hasira.

"Fungeni nguo zenu," aliwaambia. "Kaka yenu kaanguka."

Wale wa kiume wakanitazama mimi. Mdogo wangu wa kike alikuwa anakuna nazi. Hakuinuka hata kwenye mbuzi.

"Ami," alisema, "kitu kikianguka si hufika chini? Muulize, kafika?"

"Usinichezee maneno, mwanangu."

"Sikuchezei. Embe linaloning'inia mtini, limeanguka?"

Ami akafungua kinywa, na mara hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa Bi mkubwa, amebeba sahani ya visheti kwa ajili ya mgonjwa. Ami akamwamkia, akamuuliza kwa heshima zote: Bi, wewe ulikuwepo, kijana huyu kaanguka au hakuanguka?

Bi mkubwa aliniangalia kidogo, akawaangalia wadogo zangu, akaiona na ile mikoba.

"Kaanguka wapi?" alisema. "Alikuja dirishani kunisalimia. Vijana wa siku hizi hawasalimii, huyu kafuata salamu mpaka hewani."

Ami alijitahidi kununa. Mabega yakamsaliti, yakaanza kutikisika, na mwisho alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Tulikula pamoja, akaondoka na mikoba yake kwapani, mitupu vilevile.

Asubuhi ya pili tulipofika kazini, tulimkuta ami uani, ameketi juu ya ndoo ya chokaa aliyoipindua.

"Nionyeshe ndoano," aliniambia nilipofika juu. Nikamwonyesha. "Itikise!" Nikaitikisa. Kisha akainua fimbo yake ya mkwaju, akamwelekezea fundi mkuu, mtu ambaye hata mwenye kazi humwogopa.

"Na wewe mwenye tumbo! Wako wapi wanao? Nitajie wanakaa wapi, nijue pa kupeleka mikoba."

Fundi mkuu aliweka mwiko wake chini. Kisha akateremka, polepole, akaingia stoo ilikotundikwa mikanda.