Ngoja Amalize Kusoma

Pale mtaani Kamalondo, Constance, mchoraji wa mchezo wao wa kompyuta, alikuwa amemchoka mwenzake, fundi wa programu. Tangu fundi awafundishe kusoma wakulima wa ule ufalme wa kubuni, kila wakiujaribu mchezo majembe hulala, mbuzi humaliza mahindi, na kijiji hufa njaa. Fundi hujikuna kidevu, huinong'oneza skrini "pole", kisha huwaongezea wakulima kitabu kingine.

"Toa ile mabuku! Bantu beko banakufa na njala!" alifoka Constance, mikono ameshanawa, bukari, ugali wa sahani yao moja, ikipoa mbele yake.

Fundi hakugeuka. Kwenye skrini, bibi mmoja aliyekondeana alikuwa ameinamia kitabu.

"Ngoja kwanza," fundi alisema taratibu, asije akamshtua bibi. "Anabakisha page moja tu."