Jina la Manirambona Halikufutwa

Imesemwa Kasulu, na imefika hadi Busunzu, kwamba binti yangu Nadine Niyonsaba alifuta jina la marehemu baba yake kwenye kompyuta ya ushirika wa wakulima. Wengine wameongeza kwamba Sylvesta Manirambona hakuwa baba yake. Ni uongo. Sylvesta alikuwa mume wangu hadi nilipomzika, na Nadine ni mwanawe.

Nadine huandika programu. Ushirika ulimpa kazi ya kuhamisha taarifa za wanachama kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Alitumia programu saidizi, wenyewe huiita maktaba. Sehemu zenye jina lilelile pande zote mbili huzihamisha yenyewe. Isiyo na mwenzake husubiri kuelekezwa. Mfumo wa zamani ulikuwa na “jina la baba”. Mpya, ulionunuliwa mbali, ulikuwa na “jina la ukoo”.

“Elekeza la baba liingie kwenye ukoo, tumalize,” mkuu wake alimwambia.

“Mzee, kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Mimi Niyonsaba, kaka yangu Mpawenimana, baba Manirambona. Ukituita wote Manirambona, kadi za uanachama zitapingana na vitambulisho.”

“Nyie watu wa huku wagumu.”

“Niache niongeze sehemu ya baba.”

Akaiagiza maktaba iliruke jina la baba kwa muda. Kabla hajamaliza, kadi zikachapwa na kugawiwa.

Dukani kwa Zuleha, mwenye shamba la kahawa Muyama, nilipokelewa hivi:

“Mama Nadine, kadi ya Mpawenimana haina baba. Watoto wamemkana marehemu?”

“Bi Zuleha, ya kwako ina nani?”

Akaitoa, akaigeuza mara mbili. “Ala, hata baba yangu, mzee Hilali, hayumo. Angekuwa hai angenichapa.”

Kadi zote zilikuwa hivyo. Iliyotangazwa ni ya kwetu tu.

Mkuu alitaka Nadine aondolewe. Binti yangu akafungua kompyuta mbele ya kamati, akawaonyesha lile agizo la kuruka. Akaliondoa, akalielekeza jina la baba kwenye sehemu mpya aliyoitengeneza, na majina yote yakatokea. Hakuna lililofutwa. Kamati ikambakiza kazini.

Kadi mpya ya Mpawenimana inamtaja Manirambona mahali pake.

Naulizwa ni nani aliyeamuru kadi zichapwe mapema. Namjua. Ana watoto, na wao wanaitwa kwa jina lake. Sitamtaja.