Mkoromaji Ndiye Aliyeamka

Mke wangu anakoroma. Mimi fundi wa kushona kanzu hapa Kasongo nimemlalamikia barazani miaka mingi, kwamba ananinyima usingizi. Juzi, usiku wa kuamkia safari na msafara wa kwenda Kabambare kupeleka kanzu ya bwana harusi, niliziba masikio kwa pamba. Nililala kama gogo.

Nilipozinduka jua lilikuwa limepanda. Mke hayupo, furushi la kanzu halipo. Nikakimbia na kikoi changu tu, hadi nikawakuta watu wa msafara wanapumzika mtoni. Mke wangu ameketi mbele, furushi mapajani.

"Mume wako iko huyu?" kiongozi wa msafara akamuuliza.

"Ni yeye. Ngoma ya safari ililia mara tatu. Nikamutikisa, akasema, 'Koroma polepole.' Basi nikabeba kanzu mimi, harusi ya watu isiharibike."

Wapagazi walicheka hadi wakashika mbavu. Nikapokea furushi, macho chini.

Jioni, kambini, nikamuuliza kwa upole, "Leo nilale kule mbali?"

"Lala, baba watoto. Lakini kesho nani atakuamsha?"

Nikatandika mkeka wangu ubavuni mwake.