Mkonge Hauliwi

Siku moja siisahau, mwanangu, na tangu juzi uliponiambia habari za trekta imenirudia kwa nguvu. Sikai wala sisimami. Ulisema Jumatatu litakuja kulima shamba letu lote la Mazingara, pamoja na lile bonde la mihogo, ili upande mkonge mtupu kwa sababu Wachina wananunua. Mama yako amenyamaza. Mimi siwezi.

Nilikuwa kijana, mkata mkonge katika shamba kubwa moja la Korogwe. Enzi hizo wanunuzi walikuwa Ulaya. Treni zilipita zimejaa marobota ya singa, nyuzi za mkonge, kwenda bandarini Tanga, na sisi tulitembea kifua mbele kana kwamba meli zile ni zetu. Nikapata mapumziko, nikaenda Mazingara, Handeni, kwa mama mkubwa, dada yake mama, Mzigua aliyenilea. Shamba unalotaka kulima lilikuwa lake. Nikamkuta kainama na jembe bondeni, nikaona haya, kusema kweli, mtu wa kambi ya mkonge kama mimi kulelewa na mihogo. Nikamwambia aing'oe yote tupande mkonge. Unga wa posho ningemletea kutoka kambini.

Mchana akanitengea sahani iliyofunikwa kawa. Nikanawa, nikafunua. Lilikuwa jani la mkonge, limekatwakatwa vizuri kama kisamvu. Nikacheka nikidhani ni utani wake. Yeye hakucheka.

“Kula,” akasema. “Si ndicho unachotaka kupanda?”

Nikaanza kumweleza habari za Ulaya na meli na bei. Akaniacha nimalize, maana alikuwa na subira ya kutisha mama yule, kisha akasema, “Anayenunua hakupendi, anakuhitaji. Haja yake ikiisha, hatakuaga.”

Nilisusa. Nilirudi kambini na njaa yangu, nikinung'unika njia nzima kwamba wazee wa Handeni wamezoea njaa hadi wanaiogopa hata isipokuwapo. Kijana hakosi maneno.

Haukupita muda mrefu zikaja kamba za nailoni, Ulaya wakaacha kununua za mkonge. Kweli, hakuna aliyetuaga. Korona, ile mashine ya kuchakata majani, ikanyamaza, posho ikakoma, na wanaume wenye nguvu zao wakawa wanashinda vibarazani wakitazama reli. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi hata undugu na wale wanunuzi hatukuwa nao. Nikarudi Mazingara kwa miguu. Mama mkubwa hakunikumbusha neno hata moja. Alinipa jembe akaniambia nikachimbe mihogo tule.

Sasa kaja mkubwa mwingine, huyu Mchina, na wala simchukii. Pikipiki yako imetoka kwake, taa hii ya jua imetoka kwake, na simu uliyoninunulia pia. Kuinuka kwake kumetuinua na sisi kidogo. Kuna wakati naona uko sahihi, ndipo roho inazidi kuhangaika. Lakini rafiki yangu mmoja aliyekwenda kujenga reli ya kusini aliniambia kwamba Wachina walipofika kambini, kabla hata mahema hayajakaa sawa, walikwisha lima bustani ya mboga. Walikuwa maskini kama sisi wakati ule. Unawasifu kwa maghorofa yao, ila hilo la bustani sijakusikia ukilitaja.

Basi nisikilize, usiache mbachao kwa msala upitao. Panda mkonge kule juu penye mawe, uwauzie Wachina, na kesho Wahindi, na yeyote atakayekuja. Acha nafasi pana kati ya mistari, hapo upande kunde. Bonde la mihogo trekta lisiliguse. Mkonge ukishaushindilia ardhini huung'oi kesho, utakaa miaka, na mimi sitakuwapo kuwatetea wajukuu zangu. Siogopi umaskini, nimeishi nao. Naogopa wanao walale na njaa kwa jambo lililoamuliwa katika nchi wasiyoijua, na pasiwepo hata mtu wa kumlalamikia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe soko zuri, akupe na mvua. Na siku soko hilo likifa, ikukute umeshiba.