Salamu za Maryan Kwenye Runinga

Maryan Dida Kuno: binti wa Dida, aliyevusha ngamia wa majirani mto Ewaso Nyiro ukiwa umefurika asipoteze hata ndama; mjukuu wa Kuno, aliyelisha kijiji cha Korbesa mwaka wa njaa ile ambayo watoto wa leo hawaijui. Yeye mwenyewe, Mama Sabdio kwa wateja wake, ameuza maziwa ya ngamia mtaani Chechelesi hadi nywele zikageuka nyeupe, na hakuna aliyewahi kuonja maji ndani ya mtungi wake. Neno lake watu walilinunua pamoja na maziwa.

Ndiyo maana wale vijana walimjia yeye. Walikuja na kamera, wakasema ni watu wa runinga, wanataka habari za akina mama wa maziwa. Akawakaribisha, akawamiminia. Mmoja akauliza, "Mama, na magoti yako je?"

Sasa, mgeni akikujulia hali, Mborana aliyelelewa hammwagii magonjwa yake. Unasema nagaa, yaani amani. Maryan, ambaye asubuhi hiyo aliinuka kwa kushika ukuta, akajibu, "Mazima kabisa, alhamdulillahi. Siumwi popote."

Siku habari iliporushwa, msomaji mwenye tai, kwenye meza ya habari, alitangaza kwamba mama wa Isiolo amepona magoti na presha kwa dawa ya chupa. Akatokea Maryan, anacheka: "Siumwi popote." Chini yake, nambari ya simu. Habari hiyo ikarudiwa kesho yake, na kesho kutwa.

Majirani walimpigia vigelegele. Yeye hakutulia. Alipanga mitungi iliyokwisha kupangwa. Alipiga ile nambari. Ikamwimbia wimbo, kisha binti akamuuliza anataka chupa ngapi.

Wiki haijaisha, akamkuta Kagwiria, Mmeru anayeuza miraa kando yake, ameshika kichwa, macho mekundu.

"Umemeza tembe za presha?" Maryan akamuuliza.

"Za nini tena? Niliacha. Nakunywa ile yako ya chupa."

"Yangu?"

"Si wewe kwa habari, Mama Sabdio? Tangazo singeamini. Lakini habari, na wewe ndani!"

"Mimi nilisalimia tu!"

"Salamu gani hiyo ya kuuza dawa?"

"Inuka twende kliniki."

"Na miraa yangu ikauke?"

"Ikauke. Wewe usikauke."

Muuguzi alimpima presha, akampima tena. Kagwiria akalazwa papo hapo.

Maryan alikaa kwenye benchi, akainuka, akakaa. Nani mwingine amemwona? Watu wa Ngaremara wana runinga. Korbesa, kwa ndugu zake, wana simu. Binti yake Sabdio alipofika na chai, hakuipokea.

"Kesho maziwa utapeleka wewe, mlango kwa mlango. Usimimine hata tone kabla hujasema: mama hajawahi kuonja dawa ile, na mwenye tembe za kliniki asiziache."

"Na wakiuliza hali yako?"

Maryan alitazama mlango wa wodi.

"Sema nagaa, kama nilivyokulea. Halafu waambie magoti yananiuma."