Mwaka Niliomsagia Mdogo Wangu Bomani

Bomani hawakumpikia mtu. Watoto wa siku hizi hawalijui hilo, wanadhani askari wa Mjerumani alilishwa kama mgeni wa harusi. Kuruta alipimiwa mtama wake mkavu, akaachiwa shauri lake. Mwenye mke alisagiwa na mkewe. Asiye na mke alitafuna punje, au alimwomba mke wa mwenzake amsagie, na huyo alichukua ujira wake katika huo huo mtama. Kwata ya asubuhi haikumngojea mwenye njaa. Kwa hiyo mdogo wangu alipoingia uaskari, swali la kwanza nyumbani kwetu Mkonze halikuwa kama atarudi. Swali lilikuwa nani aende kumsagia.

Nilikwenda mimi. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nimerudi kwa wazazi kutoka kwa mwanamume mwenye mkono mwepesi na akili nzito, na mwanamke wa namna hiyo nyumbani huonekana ana nafasi. Mama hakuniuliza. Alinipa jiwe la mkononi la kusagia, akasema la chini nitalipata huko huko, mawe hayajawahi kuadimika katika nchi yetu.

Mdogo wangu alikuwa amejitoa mwenyewe. Jumbe alidai watu wa kubeba mizigo ya serikali, na nyumba iliyotoa askari ilisamehewa. Baba alikuwa na kifua kibovu, akifika zizini tu ilimbidi ashike mti apumzike. Mzigo mmoja wa kwenda pwani ungemmaliza njiani. Sote tulilijua hilo, na mdogo wangu ndiye aliyelifanyia kazi. Lakini boma lilikuwa na sheria nyingine pia. Kuruta aliyetoroka aliwindwa, na akipatikana alinyongwa, wenzake wakiwa wamepangwa mistari kutazama. Aliyeingia hakuwa na mlango wa kutokea mpaka mafunzo yaishe.

Siku ya kwanza walimnyoa. Mtu wa mbali ataona ni jambo dogo. Kijana wa kwetu alisuka nywele ndefu, akazipaka udongo mwekundu na mafuta, na zile za mdogo wangu nilizisuka mimi kwa mikono yangu. Nywele hizo zilinyolewa kwa jambo moja tu, kufiwa. Kijana aliyejinyoa huku baba na mama yake wako hai alikuwa kama amewachimbia kaburi. Nilipomwona anatoka bomani kichwa kinang'aa, nilishikwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpelekea. Yeye alicheka, akasema sasa chawa wamefiwa.

Kwata ndiyo iliyomtesa. Hakuwa mvivu, na jua alilizoea. Shida ilikuwa mguu. Alikuwa mchungaji tangu utoto, na mchungaji wa Kigogo akisimama hukunja mguu mmoja, akaegesha unyayo kwenye goti la mguu wa pili, akaegemea fimbo, akaweza kukaa hivyo mpaka ng'ombe washibe. Mwili wake haukujua kusimama kwa namna nyingine. Basi wakiambiwa wasimame wima na kutulia, kwa muda kidogo angeweza, kisha mawazo yakihama tu, mguu unapanda wenyewe. Ombasha aliyewafundisha alikuwa na kiboko na macho makali. Jioni mdogo wangu alikuwa akija kula akiwa amechanika mashavu ya miguu, na wiki moja walimlaza kifudifudi wakampiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya wote.

Nikaamua kumfundisha mwenyewe. Kila jioni, ugali ukiwa jikoni, nilimsimamisha mbele ya kibanda chetu kando ya boma nami nikasonga huku namtazama. Mguu ukiinuka, namchapa kwa mwiko. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akanijibu kwamba hapa mkuu ndiye anayelivunja. Wake wa askari walikuja kutucheka, maana kijiji kizima cha askari kilidhani mimi ni mke wake, na walisema hawajaona mke anayedai haki zake kwa mwiko.

Nilimfundisha na mengine. Nilimrushia vijiti asipepese. Nilimtukana asijibu. Nilimtajia ng'ombe wetu mmoja mmoja, wale waliokufa kwa ugonjwa wa sotoka na wale waliobaki, nikamkataza uso wake usibadilike. Mwanzoni machozi yalimlengalenga kwa ng'ombe. Baadaye hapana. Nilifurahi sana jioni ile niliyomtajia dume alilolilea mwenyewe kwa maziwa ya kibuyu, naye akanitazama kama ukuta wa tembe. Nilimwongezea mlenda.

Mama alikuja kumwona mara moja, na maziwa ya mgando na mboga kavu. Alimwona kwa mbali, akatua kikapu chini. Hata salamu hakungoja.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama," alijibu mdogo wangu. "Ndiyo desturi yao."

Mama alikitazama kile kichwa muda mrefu, kisha akamwandalia chakula. Wakati wa kuondoka nilimsindikiza, na kitu pekee alichosema njiani ni, "Baba yako asisikie habari ya nywele."

Miezi ikapita. Mguu ulitulia, kiboko kikapungua. Ombasha alianza kumweka mstari wa mbele, na wale waliokuwa wakitucheka wakaanza kuniletea waume zao jioni, kwa mzaha, ati niwachape.

Siku moja asubuhi nilikwenda korongoni kuteka maji. Mto ulikuwa mkavu, tulichimba mchanga. Mama alikuwa ameketi pale kando ya kisima, peke yake, kitambaa kimeteleza mabegani. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya. Sikumsalimu. Niliketi chini nikiwa bado nimeshika kata mkononi.

"Kifua," alisema. "Alikuwa anakwenda zizini."

Nilitaka kupiga kelele. Mama alinishika mdomo kwa kiganja chake, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto.

"Mdogo wako asijue. Anasimama pale kwa ajili ya baba yake. Akijua hayupo, atasimama kwa ajili ya nani? Atatoroka kesho, na kesho kutwa watamnyonga. Mimi nimeshazika mmoja. Akimaliza, utamwambia wewe."

"Na nyumbani wanasemaje?"

"Wanasema kijana alimnyolea baba yake kabla ya wakati wake. Waache waseme. Wewe saga."

Alikunywa maji akaondoka kwa njia aliyokuja nayo, asionekane kijijini.

Jirani yangu alikuwa mke wa askari mzee, mtu wa Tabora, Mwislamu, mwanamke mnene asiye na maneno mengi. Alinikuta ndani nimeuma nguo nisisikike. Nilimweleza. Kwetu mwana asiyenyolewa baba yake akifa ni kama si mwanawe, lakini nikinyoa, mdogo wangu angekiona kichwa akajua yote.

"Shida iko wapi, mwanangu?" alisema. "Sisi tunajifunika kila siku."

Akaufunga mlango, akaninyoa kwa kisu chake, taratibu, akizikusanya nywele zangu kwenye pindo la nguo yake zisionekane nje. Kisha akanifunga leso kichwani kwa namna yao, akaikaza nyuma. Tangu siku hiyo sikuivua mbele ya watu.

Jioni mdogo wangu alinitazama akacheka. "Umesilimu, dada? Tukirudi baba atasemaje?"

"Kula," nilimwambia. "Baba ana yake."

Nilisaga. Wakati mwingine nilisaga hata mtama uliokwisha kusagwa, kwa kuwa jiwe lina kelele na mtu akilia juu yake hasikiki. Kila jioni aliniuliza kama kuna aliyepita kutoka Mkonze, na kila jioni nilimwambia hakuna. Alikuwa akisema akishavaa kofia ya askari ataomba ruhusa aende baba amwone. Aliwaza jinsi baba atakavyomzunguka na kumkagua kama dume la kununua. Mimi niliitikia, nikaongeza na maneno ambayo baba angesema.

Mafunzo yakaisha. Waliapishwa mbele ya bendera, wakapewa kofia na mikanda, na bunduki zikawa zao. Mchana ule alikuja kibandani akiwa amevaa vyote, vifungo vinawaka. Alisema nimtengenezee chakula cha njiani, ruhusa ataiomba kesho.

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa muda mrefu. Yote yalipotea. Niliinua mikono nikaifungua leso, nikaiweka mapajani.

Alikitazama kichwa changu. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi, na akaona kwamba si za jana.

"Mama?"

"Baba."

"Walimbebesha mzigo?"

"Hapana. Kifua. Alikufa kwake."

"Basi," alisema.

Alisimama pale mlangoni, visigino pamoja, mikono imenyooka mapajani, macho yanatazama mbele juu ya kichwa changu. Nilimngoja. Nilijua lazima ataanguka, nikasogea karibu nimdake, kwa maana alikuwa mtoto wetu wa mwisho na baba alimpenda kuliko sisi wote. Hakuanguka. Uso wake haukufanya kitu. Nilimshika mabega nikamtikisa, nikamwambia mafunzo yamekwisha, hapa hakuna ombasha, ni mimi tu, amlilie baba yake.

Midomo yake ilijaribu. Niliiona inajaribu.

"Sijui kilio kinaanzia wapi, dada," alisema.

Nililia mimi, kwa sauti, mpaka jirani akaja akaketi nami. Mdogo wangu aliendelea kusimama vile vile. Tarumbeta ilipopigwa aliweka kofia sawa, akachukua bunduki yake akaenda.